Lori la Kumchukua Mama Tekla

Siku Modesti alipoliingiza lile lori uani kwake, Mitwero ya Lindi, watoto wa mtaa mzima walikuja mbio kulishangilia, na mkewe Yustina akaingia jikoni akafunga mlango. Alisema moshi unamwasha macho. Jiko lilikuwa halijawashwa hata kijiti.

Zilikuwa zile enzi ambazo watu waliziita za ruksa. Aliyetaka kufungua duka alifungua, aliyetaka kuuza mitumba aliuza, na vitu ambavyo zamani raia hakuthubutu hata kuvikodolea macho vilinadiwa mchana kweupe. Lori lilikuwa la jeshi, limechoka, limelala miaka mingi kwenye nyasi, likapigwa mnada pamoja na vyuma chakavu. Wengine walilitazama wakaona mizani ya kupimia chuma. Modesti aliona nyumba.

Alikuwa fundi wa kuchomelea, Mmakonde aliyezaliwa Lindi, mtu wa kucheka kwanza na kufikiri baadaye. Tangu wanunuzi binafsi wa korosho waanze kumiminika pwani, kazi za milango na madirisha ya maghala zilimpeleka Mchinga, Kilwa Masoko, Nangurukuru hadi Somanga. Mvua zikikata barabara alikwama huko akila ugali wa watu, wanawe wakimuulizia kila jioni. Akapika jambo kichwani: shule zikifungwa, familia nzima itakwenda naye kazini, ile naye, ilale naye, ndani ya lori. Majirani walicheka mpaka wakatokwa na machozi. Wakalibatiza lori jina la Konokono, na Modesti akalipokea jina hilo kwa mikono miwili.

Hakuna aliyemkataza. Hata Yustina hakumkataza, ingawa yeye alikuwa na sababu.

Yustina ni mzaliwa wa milima ya Umatumbini, kupita Kipatimu. Mwaka waliohamishwa alikuwa msichana mdogo, ndiyo kwanza anajifunza kusonga ugali. Amri ilikuwa watu watoke kwenye makao yao ya vilimani, mmoja hapa mwingine kule, wakakae pamoja kando ya barabara. Wengi hawakutoka. Basi siku moja lori la kijani lilisimama chini ya kilima cha Kitundwe, likapiga honi ndefu mara tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa taarifa. Ya kwanza fungasheni, ya pili tokeni, ya tatu atakayekutwa ndani shauri yake. Baba yake alikuwa kilima cha pili kufuata mtama uliokwisha kukatwa. Mama yake, Tekla, aliwapigia magoti wale watu wenye bunduki, wamngoje mumewe kidogo tu. Walimwinua wakampakia pamoja na sufuria, mkeka na mtoto. Lori lilipogeuka, paa la nyumba lilikuwa linawaka.

Baba alionekana na watu akishuka kilima kulifuata lori kwa miguu. Hakufika. Wengine walisema simba, wengine walisema amevuka Rufiji akaanza maisha mengine. Mwili haukuonekana, kwa hiyo matanga hayakuwekwa, na Mama Tekla akabaki si mjane wala si mke wa mtu.

Haya yote Yustina hakumsimulia mumewe hata siku moja. Kwao hayakusimuliwa. Ukiyagusa, Mama Tekla alichukua ndoo akaenda kisimani hata kama mtungi umejaa. Na kwa Modesti, habari ya kuhamia vijijini ilikuwa habari ya shule na bomba la maji. Baba yake aliitaja kwa fahari mpaka anakufa. Sasa Yustina angeanzia wapi? Aseme kwamba mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, anaogopa chuma?

Lakini alikiogopa, tena sana. Aliogopa harufu yake zaidi ya kitu chochote. Jua likipanda, turubai lilitoa harufu ile ya mafuta, vumbi na mpira uliopata moto, ikaingia mpaka kwenye mchele aliokuwa akiuchagua. Akitandika kitanda aliisikia kwenye shuka. Alikuwa akipita uani kwa kuambaa ukuta, na usiombe Modesti amwambie amshikie kitu ndani ya lile bodi: alimwaga misumari akatoka.

Modesti alifanya kazi akipiga mluzi. Aling'oa mabenchi ya chuma walipokaa askari, akaweka vitanda vya sanduku vyenye mifuniko, chini yake nguo na vyombo. Alikata madirisha kwa gesi, akayawekea wavu wa mbu. Akafunga pipa la maji lenye koki, akachomelea sinia la bati la kukalia jiko la mkaa. Lile turubai alilibadilisha kwa bati na dari ya mbao baada ya Yustina kumwambia, bila kueleza, kwamba turubai lile hataki kulala chini yake. Alimwomba pia aondoe mlango wa nyuma wa chuma, ule unaofunguka kwa kishindo na minyororo yake, aweke ngazi. Modesti alifanya. Alidhani mkewe ana jicho la mapambo.

Rangi ndiyo iliyomshinda. Lilipakwa bluu na nyeupe, likapendeza kwelikweli, lakini kwenye kona na kwenye vichwa vya misumari bluu ilifura na kubanduka, na chini yake kijani kikachungulia.

"Baba Brighton, hapa rangi haikushika."

"Tena? Mke wangu, wewe unaogopa kijani?" Modesti alikuwa akicheka, brashi mkononi. "Basi na mchicha usile."

Yustina alicheka naye, maana nini tena angefanya. Usiku alilala macho, akisikiliza bati la lori likipoa na kulia taratibu nje ya dirisha.

Mwanzoni mwa masika alikuja Kondo. Huyu alikuwa kijana wa kijijini kwa mama yake, anayeteremka na machungwa kuyauza Lindi, na kila akija alileta habari za huko. Alitua gunia, akanywa maji, akasema huko wazima wote, ila. Yustina aliposikia lile "ila" alikaa chini.

"Bibi macho yanazidi kufunga, dada. Juzi kajimwagia uji wa moto mguuni, kidonda kimekuwa kikubwa. Na homa haimtoki. Halafu..." Kondo alishusha sauti. "Simba kaingia. Kamtoa mtu juu ya dungu shambani, akilinda mahindi yake yasiliwe na nguruwe. Tuliokota kofia tu. Sasa watu wanalala nyumba moja wengi pamoja. Bibi hataki. Yuko peke yake na ule mlango wa mabua."

"Hakuna gari linalopanda huko?"

"Na tope hili? Magari yanaishia Njia Nne."

Modesti alikuwa amesikia yote kutoka chini ya lori. Alitoka akijipangusa mafuta, na uso wake ulikuwa uking'aa kama mtu aliyeulizwa swali analolijua jibu. "Lipo gari la kupanda huko. Magurudumu yote yanavuta. Mama Brighton, tukamchukue."

Tukamchukue. Neno lile lilimpita Yustina mwilini likamwacha baridi. Alimtaka mama yake kuliko kitu chochote duniani. Alikuwa ndiye mtu pekee aliyebaki wa kwao. Akimwacha kule ataliwa na simba au kidonda. Na chombo pekee kinachoweza kumfikia ni hiki. Akamwambia Kondo atangulie, amwambie mama kwamba wanakuja na gari kumleta mjini. Kondo aliuliza gari gani. Yustina akasema, "Gari tu. Gari letu."

Modesti aliongeza ukuta wa ubao katikati ya bodi, upande mmoja kwa ajili ya mkwe, na akatangaza kwamba yeye mwenyewe atalala kwenye kebini. Kwao wote wawili mtu hamvamii mama mkwe wake. Hukohoa tangu mbali, akasimama pembeni; mama hujitanda kanga, huingia ndani, na salamu hupita kwa mtu wa kati. Katika miaka yote ya ndoa Modesti hakuwahi kumtazama Tekla usoni, na alijivunia adabu hiyo kupita hata ufundi wake.

Walisafiri na wanao wote wawili, Brighton na mdogo wake Mary. Ukiwauliza watoto watakwambia ndiyo ilikuwa safari tamu kuliko zote. Walipika wali na samaki Nangurukuru jioni, jiko juu ya sinia lake, na abiria wa mabasi wakasogea kuchungulia vitanda na mapazia ambayo Yustina aliyashona mwenyewe. Modesti aliwaonyesha kila kitu, akawafungulia hata koki ya pipa. Yustina alikaa kwenye ngazi, bakuli mapajani, hajala. Alikuwa akihesabu vilima vilivyobaki na kujiambia kwamba lori ni la bluu, kwamba lina mapazia ya maua, kwamba mama yake haoni vizuri hata hivyo. Lile la mwisho halikumtuliza hata kidogo. Asiyeona husikia.

Kesho yake wakaingia barabara ya Kipatimu. Lori lilizama, likanguruma, likatoka. Likazama tena, likatoka. Mary alitapika kwenye kona za milima, na Yustina akawa nyuma naye, amemshikilia kichwa juu ya ndoo, hana habari wamefika wapi. Modesti mbele aliona paa za kwanza za kijiji ng'ambo ya kijito. Akasimamisha lori palepale, kwa heshima. Mkwe hafiki tu kama jambazi. Lakini mtu aliye ndani ya lori atakohoaje akasikika? Akafikiri kidogo, akaona jibu, akalifurahia. Akapiga honi ndefu, mara tatu.

Ya kwanza Yustina alidhani anaota. Kwa ya pili alimwacha mtoto, akapiga ukuta wa mbele kwa ngumi zote mbili, akipiga kelele, "Acha! Acha! Baba Brighton, acha!" Ya tatu ikalia, ikazunguka vilima, ikarudi.

"Kuna nini?" Modesti alikuja mbio nyuma, ameshtuka. "Napiga hodi kwa mkwe!"

Yustina alimrudia Mary na ndoo yake.

Walivuka kijito wakaingia kijijini polepole. Kando ya barabara, mbele ya nyumba zao, walikuwa wamesimama wazee. Mzee mmoja alikuwa na kigoda kichwani. Bibi mmoja amekumbatia kuku, mwenzake ana sufuria na mkeka uliokunjwa. Hakuna aliyewaambia watoke. Walisimama kimya, nyuso zimeelekea lori, wakingoja kuambiwa wapande. Wajukuu wao waliwavuta mikono kwa kicheko cha aibu, "Babu, hili gari la watu tu, rudi ndani," nao hawakurudi.

Modesti alizima injini, akaja nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu alinunue lile lori hakuwa na mzaha mdomoni. "Mama Brighton, hawa wanangoja nini?"

"Kupakiwa," Yustina alisema. Halafu akamwambia yote, pale pale, kwa maneno machache, huku akishuka ngazi. Yustina hakuwa na nafasi ya kumsubiri aelewe. Alikuwa tayari anakimbia.

Mlango wa mabua ulikuwa wazi. Chungu cha mboga kilikuwa jikoni kinaungua. Mkeka haukuwepo, wala sufuria kubwa. Bi Siti, jirani wa mama yake kwa miaka yote, alikuwa amesimama uani ameshika kichwa.

"Nilimfuata, mwanangu, nikamwita. Kapita migombani kama msichana. Na kile kidonda! Na homa ile! Sikujua kama bado ana mbio."

"Kaelekea wapi?"

Bi Siti alinyoosha mkono kule kusiko na njia, kuelekea msitu ambao kijiji kizima kilikuwa kimeacha kuukanyaga.

Waliwaacha watoto kwa Bi Siti, wakafungiwa ndani. Kondo alikuja na mkuki na debe la kupiga, Modesti alichukua panga. Alitaka kuwasha lori, wapite kwa haraka. Yustina alimshika shati. "Usiliwashe. Nakuomba. Lisisikike tena." Wakaenda kwa miguu, mvua nyembamba ikiwaangukia.

Kwenye tope la kijito cha pili Kondo alisimama. Nyayo za Mama Tekla zilikuwa wazi, mguu mmoja ukiburutwa kwa sababu ya kidonda. Juu ya mmojawapo palikuwa na alama nyingine, pana, ya mviringo, na maji yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kuijaza.

"Hii ya sasa hivi," Kondo alisema, akainua debe alipige.

Yustina alikamata mkono wake. Alijua simba anaogopa debe. Alijua vilevile nani mwingine angelikimbia. Wakipiga kelele, mama atazidi kuingia msituni. Wasipopiga, wanamwachia yule mwingine aliye mbele yao amtangulie kumfikia. Alisimama na mkono wa kijana yule mkononi mwake, na kila upande aliofikiria ulikuwa na kifo cha mama yake. "Twende kimya," alisema mwishowe. "Najua alikokwenda."

Kitundwe palikuwa mahame. Nyasi ndefu, michungwa iliyogeuka mwitu, mawe matatu ya jiko lililokuwa lao, jiwe la kusagia limefunikwa na ukoka. Yustina hakuwa amepaona tangu siku ile, na miguu ilimpeleka bila kumuuliza. Mama Tekla alikuwa ameketi pale palipokuwa mlango. Alikuwa ametandika mkeka, sufuria ubavuni, mikono mapajani, ametulia kama mtu aliye kwake. Yustina alitaka kulia kwa furaha na akaogopa hata kupumua.

Modesti na Kondo walibaki nyuma ya michungwa. Hata pale, na simba yuko, Modesti aligeuza uso upande mwingine kwa adabu ya mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani?"

"Yustina."

"Yustina, keti chini, wasikuone." Macho yake yenye ukungu yalitafuta sauti ilikotoka. "Umewasikia?"

"Nimesikia, mama. Lakini si wao. Ni mkweo, Modesti. Lile gari ni letu. Lina kitanda, lina godoro, nimekushonea pazia la maua."

Mama Tekla alilifikiria hilo. "Na sufuria wamekuruhusu upakie?"

Yustina alimshika mkono. Ulikuwa wa moto kupita kiasi, na mwili mzima ukitetemeka chini ya kanga iliyolowa. Kidonda kilikuwa kimefunguka, damu imechanganyika na tope. Alimbembeleza. Alimtajia wajukuu kwa majina, alimtajia daktari wa macho, alimtajia samaki wabichi wa Lindi ambao mama yake aliwapenda. Mama Tekla alisikiliza kwa upole wote.

"Nenda wewe na watoto," alisema. "Mimi namngoja baba yako. Safari ile walinibeba hajafika. Akija leo atanikuta mlangoni."

Kutoka korongoni upande wa kushoto, karibu sana, kitu kilikoroma. Hakikuwa na haraka. Ndege waliokuwa kwenye michungwa waliruka wote kwa pamoja.

"Dada," Kondo aliita kwa sauti ya chini, "amua. Jua linashuka."

Kumbeba kupitia njia ile, damu ikichuruzika, wasingefika. Kulala pale ilikuwa ni kujitoa sadaka. Njia ya zamani ya lori bado ilikuwepo, imeota vichaka tu, inaishia chini ya kilima. Yustina alijua kitakachopita pale ni nini na mama yake atasikia nini. Akageuka kuelekea michungwa.

"Baba Brighton. Kalete lori."

"Ulisema nisiliwashe."

"Kalete."

Alimsikia akiondoka mbio na panga lake, peke yake, na sasa akawa na wa kuwaogopea wawili. Kondo alisogea karibu, mgongo amewapa, mkuki ameuelekeza korongoni. Yustina alimkumbatia mama yake na kuhesabu pumzi zake. Mvua ilikatika. Kwa muda mrefu hapakusikika kitu, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko mkoromo.

Halafu injini. Kwanza mbali, kama ngurumo, halafu ikapanda gia, halafu vichaka vikaanza kuvunjika chini ya kilima.

Alimhisi mama yake akikakamaa mikononi mwake. Alijiandaa kumzuia asikimbie. Mama Tekla hakukimbia. Alijitoa taratibu, akainuka kwa shida, akakunja mkeka wake vizuri, akajitwisha sufuria. Alijifunga kanga upya kiunoni. Kisha akamgeukia Yustina, mtoto wake wa kumzaa, akapiga goti kidogo, na kusema:

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Mama! Ni mimi, mama, ni Yustina!"

Mama Tekla alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, akielekea zile nyasi ndefu za korongoni. Alifanya kama mtu anayedhani salamu yake haikusikika, au haikutosha, na akapiga goti chini zaidi mpaka sufuria ikayumba.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

Nyasi nyuma yake zilitikisika, na hapakuwa na upepo. Yustina alilisikia jibu likipanda kooni kabla hajalitaka.

"Marahaba."

Mama Tekla alishusha pumzi. Uso wake ulilegea, akapata hata ujasiri wa kuomba. "Mume wangu kaenda kuchukua mtama, bwana. Hayuko mbali. Tungemngoja kidogo."

Yustina alilijua neno waliloambiwa siku ile. Alikuwa amelisikia akiwa amekumbatia mguu wa huyuhuyu mwanamke. Alilitamka, kwa sauti isiyotikisika, maana ingetikisika wangekufa wote pale. "Atakukuta mbele. Panda."

Naye akapanda. Alipanda ngazi ya Modesti bila kushikwa, akaketi ukingoni mwa kitanda chenye godoro, sufuria mapajani, magoti pamoja, kama watu wanavyokaa wasiojua wanapelekwa wapi. Kondo akarukia nyuma, akashukia kijijini walipopita kuwachukua watoto kwa Bi Siti. Modesti alikuwa ameshika usukani, shingo imekaza, macho mbele. Hakugeuka hata mara moja mpaka Mitwero, na mabega yake yalikuwa yakitikisika njia nzima.

Lori alimuuzia mnunuzi wa korosho wiki ileile. Siku hizi akienda kazini hupanda basi, vifaa vyake vimefungwa kwa kamba, kama zamani. Hamfanyii mkewe mzaha wa rangi tena. Alimjengea mama mkwe chumba upande wa pili wa ua, mlango wake haukabiliani na wa kwake, na kila anapotoka hukohoa, kidogo tu.

Homa ilimtoka Mama Tekla, kidonda kikafunga. Anapika, anagombana na kuku wa majirani, na Mary amejifunza kwake nyimbo za Kimatumbi ambazo hata Yustina alikuwa amezisahau. Safari ile haijapata kutajwa na mtu. Ukimuuliza alifikaje Lindi, husema aliletwa, basi, na hutazama pembeni kutafuta ndoo.

Lakini kila kukicha Yustina huvuka ua kwenda kumwamkia. Siku nyingine humkuta ameamka mapema, mkeka umekunjwa tayari, ameketi mlangoni uso umeelekea barabarani. Yustina husimama mbele yake. Husema, "Shikamoo, mama," kisha hushikilia pumzi, akiomba Mungu aitikiwe, asiamkiwe.